Matone ni ya Jicho, Kifua Ndicho Kinachobana

"Habari daktari. Baba yangu ana miaka 67, anaishi Kibosho, mimi niko Moshi mjini. Miezi miwili iliyopita tulimpeleka kupima macho, wakasema presha ya macho iko juu pande zote mbili, akapewa matone ya timololi, asubuhi na jioni. Wiki ya pili au ya tatu akaanza kukohoa usiku, kifua kinapiga filimbi, na akipanda kutoka barabarani mpaka nyumbani anapumzika mara tatu. Utotoni alikuwa na pumu, lakini iliisha zamani, sisi watoto hatukuwahi kuiona. Nilimnunulia pampu ya salbutamoli, haimsaidii. Mashine ya presha inaonyesha mapigo ya moyo 47 hadi 52. Anameza amlodipini tangu 2019, hana dawa nyingine. Kaka anasema ni baridi ya Julai. Muuza dawa aliniambia matone ya macho hayawezi kufika kifuani. Tangu Jumapili iliyopita baba ameacha matone mwenyewe, na kusema kweli analala vizuri. Je, ni matone kweli? Akiacha atapofuka? Naweza kumdondoshea jicho moja tu, au avute pampu kwanza ndipo nimdondoshee? Na kwa nini hakuna aliyetuuliza habari ya pumu?"

Dada yangu, nianze na lile unalolisubiri: kwa jinsi ulivyoyapanga matukio, naamini ni matone. Muuza dawa amekosea, na kosa lake ni la kawaida mno, maana hata sisi tuliosomea dawa huwa tunalisahau. Lakini sikiliza na upande wa pili kabla hujampigia kaka simu kumwambia "si nilikuambia?" Macho ya baba sasa hayana ulinzi. Asirudie matone hayo, na wakati huohuo asikae hivihivi. Apelekwe kwa watu wa macho wiki hii. Isiwe "tukimaliza kuchuma kahawa", wala "mwisho wa mwezi".

Nirekebishe na jambo dogo: mimi si daktari, ni mfamasia. Nimefundisha kwa miaka mingi namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, na nimesimama pia nyuma ya kaunta ya famasia, Arusha na hapa Moshi. Sijamwona mzee wala kusikiliza kifua chake. Ninachokupa ni maelezo ya kwenda nayo kwa daktari.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa jina. Tukisema "presha ya macho" watu wengi husikia presha ya damu, na nimekutana na wazee walioacha matone kwa sababu mashine ya mkononi ilionyesha presha imeshuka. Hivi ni vitu viwili. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho lenyewe; kwa wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Msukumo ukiwa mkubwa kuliko jicho linavyoweza kustahimili, unaua polepole nyuzi za neva zinazopeleka picha kwenye ubongo. Huo ndio ugonjwa wa glaukoma. Wala si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, ukipasuliwa unaona tena. Glaukoma ikishachukua sehemu ya uoni, hakuna upasuaji wala tone litakalorudisha. Inaanzia pembeni, haiumi, na mtu anaendelea kusoma Biblia yake vizuri huku akijigonga kwenye mlango bila kujua kwa nini.

Sasa, tone linafikaje kifuani? Hebu kumbuka: umewahi kudondoshewa dawa ya jicho, kisha baada ya dakika ukasikia uchungu kooni? Hiyo ndiyo njia yenyewe. Kwenye kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kuna vitundu viwili vidogo vinavyokusanya machozi na kuyateremsha puani. Ndiyo maana tukilia tunapenga kamasi. Tone moja la dawa ni kubwa kuliko nafasi iliyopo juu ya jicho. Sehemu ndogo tu inabaki, nyingine inamwagika shavuni, na nyingine inashuka na machozi mpaka puani. Ngozi laini ya ndani ya pua imejaa mishipa ya damu. Wazee wanaonusa ugoro wanalijua hili kuliko maprofesa: kinachoingia puani hakichelewi.

Kuna jambo jingine ambalo muuza dawa hakulipima. Kidonge ukikimeza, kabla hakijafika kwenye moyo na mapafu kinapita kwanza kwenye ini, na ini hukata sehemu kubwa ya dawa za aina hii. Kinachonyonywa puani kinaingia kwenye damu moja kwa moja, ini halijakigusa. Tone la timololi la asilimia 0.5 lina kama miligramu 0.2 za dawa. Ni kiasi kidogo, ndiyo, lakini timololi ina nguvu mara kadhaa kuliko propranololi, ile dawa ya presha na moyo ambayo ni ndugu yake wa damu. Baba alikuwa anadondosha macho mawili, mara mbili kwa siku. Kwa lugha nyepesi, mzee amekuwa akitumia dawa ya moyo kwa miezi miwili, bila yeye wala nyinyi kujua.

Ili uelewe kwa nini dawa moja inagusa jicho, moyo na kifua, tuingie kidogo kwenye neva. Mwili una neva zinazojiendesha zenyewe, hazingoji amri yako. Hukumbuki kuambia moyo upige wala tumbo lisage. Neva hizi zina matawi mawili. La kwanza, simpathetiki, ni tawi la hekaheka: mbwa wa jirani akikurukia, ndilo linalokimbiza moyo, kupanua mboni na kufungua njia za hewa. La pili, parasimpathetiki, ni tawi la mapumziko: umeshiba, umekaa kivulini, moyo unapunguza mwendo na njia za hewa zinajikaza kidogo. Tawi la hekaheka linazungumza kwa kemikali za noradrenalini na adrenalini. La mapumziko linazungumza kwa asetilikolini.

Kwa muda mrefu watu walijiuliza: inakuwaje adrenalini ileile ibane mishipa ya damu ya ngozi lakini ifungue njia za hewa? Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alitoa jibu: vipokezi vinavyoipokea si vya aina moja. Akaviita alfa na beta. Wenzake walimpuuza kwa miaka kadhaa, mpaka James Black wa Uskoti alipotengeneza dawa za kuziba vipokezi vya beta ili moyo wenye maumivu upumzike. Propranololi ilitoka kwenye kazi hiyo miaka ya 1960, na Black akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Baadaye beta nazo zikagawanywa. Beta ya kwanza iko zaidi kwenye moyo, kazi yake kuuharakisha. Beta ya pili iko kwenye njia za hewa, kazi yake kuzilegeza. Na beta ya pili iko pia ndani ya jicho, kwenye tishu inayotengeneza yale maji.

Timololi haichagui. Inaziba beta zote, ya kwanza na ya pili, popote damu inapoifikisha.

Kwenye jicho hilo ndilo tunalolitaka. Nyinyi wa Kibosho mmekulia kando ya mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, kwa hiyo sitatafuta mfano mbali. Chukulia jicho ni shamba linalopokea maji kutoka kwenye mfongo mmoja, na chini lina njia ya kutokea. Glaukoma ya aina iliyo ya kawaida kwetu ni pale njia ya kutokea inapoziba taratibu kwa ndani, huku maji yakiendelea kuingia. Timololi haigusi njia ya kutokea. Inakwenda juu kwenye banio na kupunguza maji yanayoingia. Shamba linapata nafuu. Hii ndiyo sababu tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1978 imeenea dunia nzima, na hapa kwetu ndiyo inayopatikana kirahisi na kwa bei ambayo mzee wa kijijini anaimudu. Si dawa mbaya. Kwa mtu asiye na pumu na ambaye moyo wake hauna shida, ni dawa nzuri kabisa.

Kwenye kifua cha baba ni hadithi nyingine. Misuli inayozunguka njia za hewa inakazwa na tawi la mapumziko, kupitia neva ya vagasi. Kwa mtu mwenye pumu misuli hiyo ni mikorofi: hewa ya baridi kidogo, moshi wa kuni, vumbi, inajikaza. Kinachomwokoa ni adrenalini inayozunguka kwenye damu na kugusa beta ya pili, ikiilegeza misuli kila wakati bila mtu kujua. Ukiziba beta hizo umeondoa breki, vagasi inabana itakavyo. Hapo utaelewa kwa nini jirani yenu anaweza kutumia chupa ileile miaka kumi bila hata kikohozi: njia zake za hewa hazina ukorofi wa kuzuiwa, kwa hiyo breki ikiondolewa hakuna kinachotokea.

Na pumu ya utotoni, dada, haihesabiwi kuwa "imeisha" kwa suala hili. Inalala. Maelezo ya timololi yanasema wazi kwamba asipewe mwenye pumu, wala aliyewahi kuwa na pumu. Hilo neno "aliyewahi" limewekwa pale kwa ajili ya watu kama baba yako.

Kuhusu pampu. Salbutamoli inafanya kazi kwa kukaa kwenye beta ya pili na kuiamsha. Fikiria Hiace ya Kibosho pale stendi. Viti vyote vimekaliwa na abiria waliosinzia, hawashuki wala hawafiki popote. Hao ndio timololi. Salbutamoli inafika mlangoni na nauli mkononi, inakuta hakuna pa kukaa. Ukileta abiria wengi sana baadhi watapata nafasi, maana hawa wanaosinzia hunyanyuka na kukaa tena, lakini hatutaki kumjaza mzee wa miaka 67 pampu juu ya pampu kwa ajili ya kushindana na tone ambalo hakupaswa kupewa. Kwa hiyo jibu la swali lako la "avute kwanza ndipo nimdondoshee" ni hapana. Ukianza na pampu, viti vitagombewa tu, na timololi hukaa kwa saa nyingi kuliko salbutamoli.

Ikiwa kifua bado kinabana atakapofika hospitali, daktari ana njia nyingine: ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayokwenda upande wa pili na kuiziba asetilikolini isifikishe amri ya kubana. Haina haja ya viti vya beta kabisa. Asili yake ni atropini, kemikali iliyomo kwenye mnanaha, na najua vijijini bado wapo wazee wanaoshauri kuvuta majani ya mnanaha kwa ajili ya pumu. Wameshika ukweli nusu. Mnanaha hufungua kifua kweli, lakini kipimo hakijulikani, unachanganya akili, na hupanua mboni kiasi cha kuweza kuziba ghafla njia ya kutokea maji kwa jicho ambalo njia hiyo ni nyembamba. Kwa mwenye presha ya macho usiuguse.

Mapigo 47 nayo yanasimulia hadithi hiyohiyo. Vagasi inavuta moyo upunguze, beta ya kwanza inausukuma uende. Umeziba beta, vagasi imebaki peke yake. Baba anapopanda mlima moyo unaombwa uongeze kasi, hauwezi, anapumzika mara tatu. Sijui mapigo yake yalikuwaje kabla ya matone, na wapo wazee waliolima maisha yao yote ambao mapigo yao ni 55 wakiwa wazima kabisa. Mpime leo na kesho asubuhi kabla hajainuka kitandani, andika namba kwenye karatasi. Timololi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kama mapigo yamepanda kufikia 60 na zaidi tangu Jumapili, umepata ushahidi mzuri wa kumwonyesha daktari. Yakibaki yaleyale bila matone, moyo wenyewe unahitaji kipimo cha umeme, na hilo lisisubiri.

Sasa nijipinge mwenyewe kidogo, maana kupata jibu moja lisitufanye tufumbe macho kwa mengine. Amlodipini ya baba haina hatia hapa. Haileti kikohozi wala haipunguzi mapigo. Ingekuwa ni enalapri, kaptopri au lisinopri ningekuambia kitu kingine, kwa sababu dawa hizo huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na nisingejua nani wa kulaumiwa. Baridi ya kaka haina kosa lote: Julai ya Kibosho kweli inachokoza kifua chenye pumu, na jiko la kuni ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha linaongeza. Lakini baba ameiona Julai mara 67, na mwaka huu ndio wa kwanza kupiga filimbi tangu utotoni. Kuna jambo ambalo sitaki uliache: kikohozi kilichozidi wiki mbili, kwa sheria ya kila kituo cha afya nchini, kinapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Apimwe hata kama tunamshuku mwingine. Na daktari amwangalie miguu kama imevimba, asikilize moyo. Timololi inaweza pia kuuangusha moyo ambao tayari ulikuwa umechoka.

Je, atapofuka? Si wiki hii. Glaukoma ya aina hii huenda kwa miaka, haiendi kwa siku. Tena athari ya timololi kwenye jicho hukawia kuondoka kuliko kwenye damu; huweza kubaki kiasi kwa wiki mbili mpaka nne baada ya kuacha. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo, na naitaja ili usilale usiku ukilia, si ili uahirishe. Ninachokiogopa ni kile ninachokiona mara kwa mara: mtu anaacha matone kwa sababu nzuri kabisa, anajisikia vizuri, na kwa kuwa jicho haliumi anarudi kliniki baada ya miaka mitatu akiwa ameshikwa mkono.

Jicho moja, au tone moja kwa siku? Hapana pia. Damu ni moja. Kupunguza nusu ya dozi kunapunguza nusu ya hatari kwenye karatasi, lakini njia za hewa zenye pumu hazihesabu hivyo. Kuna watu waliobanwa vibaya na tone la kwanza kabisa.

Tuje kwenye njia zilizobaki, kwa uaminifu. Matone ambayo mimi ningeyauliza kwanza ni latanoprosti. Hayahusiani na neva hizi kabisa. Yanafungua mfereji mwingine wa pembeni ili maji yatoke. Tone moja tu kwa siku, jioni. Ubaya wake ni bei, inayoizidi ile ya timololi, na kwamba chupa ambayo haijafunguliwa inapaswa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inavumilia hadi nyuzi 25 kwa wiki sita, jambo ambalo Kibosho, tofauti na hapa mjini tunakoiva Februari, halina shida. Huweza kurefusha kope na kufanya rangi ya jicho iwe nzito zaidi. Kwa macho yetu meusi hakuna atakayegundua. Muulizeni muuzaji alikuwa ameihifadhi wapi. Ukiikuta imepangwa dirishani kwenye jua, nenda duka jingine.

Brimonidini inatumia neva zilezile lakini kwa mlango wa alfa, si wa beta, kwa hiyo kifua kinaachwa. Hukausha kinywa, huleta usingizi, na inaweza kushusha presha ya damu kidogo. Kwa kuwa baba yuko kwenye amlodipini, awe anainuka taratibu. Dozolamidi nayo hupunguza maji kwenye banio bila kugusa beta, ila waambieni kama aliwahi kupata mzio wa dawa za salfa. Pilokapini ni ya tangu karne ya 19, inatoka kwenye mti wa Brazili, na inaiga tawi la mapumziko: inakaza misuli ya jicho na kufungua njia ya kutokea. Kwa baba siipendi. Ni mara tatu au nne kwa siku, inafifisha kuona usiku, na kwa kuwa inaiga tawi lilelile linalobana kifua, inaweza kumrudisha alikotoka. Betaksololi mtaambiwa ni "salama kwa pumu" kwa sababu inaelekea zaidi kwenye beta ya kwanza. Kuelekea zaidi si kuiacha ya pili kabisa, na beta ya kwanza ndiyo ya moyo. Kwa mtu mwenye mapigo 47 mimi nisingeigusa.

Halafu kuna leza, na hapa watu wa Moshi mna bahati ambayo wengi hawaijui. Katika Hospitali ya KCMC ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021: wagonjwa 201 wenye glaukoma ya presha kubwa, nusu wakapewa matone haya haya ya timololi, nusu wakapigwa leza iitwayo SLT, inayochokoza kichujio cha njia ya kutokea ili kifanye kazi tena. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Angalia ni nani alishindwa hapo: dawa inayotakiwa kudondoshwa kila siku, kununuliwa kila mwezi, na mtu ambaye mkono unatetemeka. Leza haiponyi glaukoma, nguvu yake inaweza kufifia na kurudiwa, na haimfai kila mtu. Ikishindikana kuna upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji. Lakini kwa baba, ambaye matone ya bei rahisi hayamfai na ya bei kubwa yatakuwa mzigo wa kila mwezi, ningeomba leza ijadiliwe mapema kabisa. Muulizeni daktari kwa jina hilohilo: SLT.

Matone yoyote atakayopewa, mfundishe hivi. Adondoshe moja tu, afumbe jicho bila kupepesa, abonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili au tatu. Hiyo peke yake hupunguza kwa zaidi ya nusu dawa inayokwenda kwenye damu, na inabakiza zaidi kwenye jicho. Kama ni chupa mbili tofauti, zipishane dakika tano. Hili haliifanyi timololi kuwa salama kwake. Nalisema kwa ajili ya dawa mpya, na kwa ajili ya wasomaji wengine wanaotumia timololi bila tatizo.

Soma lebo kila mara. Zipo chupa zenye dawa mbili ndani, na timololi hupenda kuwa ya pili. Mtu anabadilishiwa, anafurahi, kumbe adui amepanda gari lilelile. Jina lolote linaloishia na "olol" lirudishe mezani uulize.

Kwa nini hamkuulizwa? Sitamtetea aliyewahudumia, swali la pumu lilipaswa kuulizwa kabla ya kalamu kuandika. Ila nikuambie kisa changu. Miaka ya nyuma, Arusha, mama mmoja alikuja kaunta yangu na cheti cha dawa ya pumu kwa mara ya nne ndani ya miezi mitatu. Nilimuuliza kila mara: "Unatumia dawa nyingine?" Kila mara alijibu: "Situmii." Mara ya nne alifungua pochi kutafuta chenji, chupa ndogo ya matone ikaanguka. Nilimwonyesha, akanishangaa: "Hiyo si dawa, hiyo ni ya macho." Kwetu dawa hunywewa au huchomwa sindano. Nilikuwa nimeuliza swali kwa lugha yangu, si kwa lugha yake, na miezi mitatu ya kubanwa kwake kifua sehemu yake ni yangu. Tangu siku hiyo nauliza: unameza nini, unavuta nini, unapaka nini, unadondosha nini.

Usisubiri kliniki ya macho, nenda hospitali saa hiyohiyo, ikiwa baba atashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo au kucha zikigeuka rangi, akizimia au kukaribia kuzimia, au mapigo yakishuka chini ya 40. Vilevile jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, akaona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika: hiyo ni glaukoma ya namna nyingine, ya saa chache, na hospitali ya Mawenzi au KCMC wataipokea usiku.

Siku ya kwenda, beba chupa yenyewe ya matone, hata kama imeisha, pamoja na pampu, vidonge vya amlodipini na ile karatasi ya mapigo. Mwambie wa kwanza atakayefungua faili: "Ana pumu, na timololi ilimbana kifua." Omba iandikwe kwenye jalada la mbele la faili, kwa wino mwekundu kama wanao. Na ukiwa hapo hapo kliniki, kama wewe na kaka mmevuka miaka 40, pimeni na ninyi macho. Glaukoma hupita kwenye damu ya familia, na nina wasiwasi kaka anayelaumu baridi ndiye atakayekuwa mgumu zaidi kukaa kwenye kile kiti.